Jicho la Mwenza na Ngazi za Rufaa: Kumtafutia Bingwa Mgonjwa wa Parkinson kutoka Ipelele

Ugonjwa wa Parkinson ni maradhi ya ubongo yanayoendelea polepole kwa miaka mingi, ambayo humpunguzia mtu wepesi wa viungo, humkaza misuli na, kwa wengi ingawa si kwa wote, huleta mtetemeko wa mkono au mguu ambao haufanyi kazi yoyote kwa wakati huo. Katika kata ya Ipelele, wilayani Makete mkoani Njombe, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini, mke anayeziona dalili hizo kwa mumewe, au mume anayeziona kwa mkewe, hujiuliza kwanza yuko wapi daktari anayeujua ugonjwa huo na nauli ya kumfikia itatoka wapi. Swali hilo ni la haki, lakini ni nusu tu ya swali zima. Bingwa anahitajika, ila ugonjwa huu hautambuliwi na mashine wala hauishi kwa matibabu ya siku moja. Hutambuliwa kwa macho, kwa maelezo na kwa kumwangalia mgonjwa tena na tena, na hutulizwa kwa dawa zinazomezwa kila siku hadi mwisho wa maisha. Kwa sababu hiyo, mwenza ni shahidi ambaye bingwa hawezi kufanya kazi vizuri bila yeye, na safari ya kumfikia bingwa huzaa matunda pale tu inaporudi na utaratibu wa matibabu unaoweza kuendelezwa karibu na nyumbani.

Ugonjwa wenyewe na sababu ya kukosa kipimo

Daktari Mwingereza James Parkinson aliuelezea ugonjwa huu katika kijitabu kilichochapishwa London mwaka 1817, akitumia mbinu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa utambuzi, yaani kuwatazama watu wanavyokaa, wanavyotembea na wanavyotetemeka. Jean-Martin Charcot, tabibu mashuhuri wa Paris, ndiye aliyeupa jina la Parkinson baadaye katika karne hiyohiyo. Karne ya 20 ilionyesha kinachotokea ndani ya ubongo: chembe hai zilizomo katika sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, ndani kabisa ya ubongo, hufa kidogokidogo, na pamoja nazo hupungua dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe wa kuuwezesha mwili kujongea kwa wepesi na kwa mpangilio. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake walithibitisha upungufu huo katika ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa huu, na mwaka 1967 George Cotzias alionyesha kwamba levodopa, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, ikimezwa kwa kiwango cha kutosha huwarudishia wagonjwa uwezo wa kutembea na kufanya kazi.

Maarifa hayo hayakuzaa kipimo cha damu wala picha ya kawaida ya kuuthibitisha ugonjwa. Picha za CT-Scan na MRI, ambazo familia nyingi huuza mahindi, viazi au ng'ombe ili kuzilipia, kwa kawaida hazionyeshi kasoro yoyote kwa mgonjwa wa Parkinson. Kazi yake ni kuondoa shaka ya mambo mengine, kama kiharusi, uvimbe au maji kujaa kichwani. Kigezo kinachotumiwa na mabingwa duniani ni kwamba lazima miendo ya mtu iwe imekuwa mizito, na uzito huo uambatane na mtetemeko wa kiungo kilichotulia, au ukakamavu wa misuli, au vyote viwili. Mtetemeko peke yake, bila uzito wa viungo, hautoshi kuitwa Parkinson, na mtu asiyetetemeka hata kidogo anaweza kuwa na ugonjwa huo.

Dalili nyingine hutangulia zile zinazoonekana kwa miaka mingi, na mara nyingi mwenza ndiye pekee anayezijua: mgonjwa kushindwa kunusa moshi au chakula kinachoungua, kufunga choo kusikokwisha, huzuni isiyo na sababu, na kupiga mateke na makelele usingizini kana kwamba anapigana na mtu katika ndoto. Hakuna hata moja kati ya hizo inayothibitisha ugonjwa ikiwa peke yake, lakini zinapojumlishwa na uzito wa viungo humsaidia daktari kuona picha nzima.

Ukubwa wa tatizo na watu wasiotambuliwa

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na ugonjwa wa Parkinson, idadi iliyoongezeka maradufu katika muda wa miaka 25. Kwa upande wa Tanzania, ushahidi ulio thabiti zaidi unatoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako watafiti wakiongozwa na Catherine Dotchin na Richard Walker walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, sawa na takriban 20 kwa kila watu 100,000, na kiasi cha asilimia 78 ya waliopatikana walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Kiwango kwa wanaume kilikuwa kikubwa kuliko cha wanawake, tofauti ambayo huenda ni ya kweli kwa sehemu, na kwa sehemu nyingine huenda inatokana na wanawake wazee kuvumilia kimya na kuhesabiwa kuwa wamechoka tu.

Takwimu hiyo ya wasiotambuliwa ndiyo inayopaswa kumgusa msomaji wa Njombe, kwa kuwa Hai ina hospitali kubwa ya KCMC jirani, katika mji wa Moshi. Ikiwa karibu na hospitali yenye mabingwa takriban wagonjwa wanne kati ya watano walikuwa hawajatambuliwa, basi umbali si kizuizi pekee. Utafiti mwingine uliofanywa huko Hai na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu wengi waliujua ugonjwa kwa jina la kutetemeka tu, wengine wakiuhesabu kuwa uzee, na wengine kuwa kazi ya wachawi, hivyo hawakuona sababu ya kwenda hospitali. Katika Makete huongezeka jambo jingine, nalo ni baridi. Mkono unaotetemeka asubuhi ya mwezi wa Juni katika nchi ya milima, ambako watu huvaa sweta na makoti mchana kutwa, hupewa maelezo mepesi, na miaka miwili au mitatu hupita kabla ya mtu kugundua kwamba mtetemeko huo hauondoki hata mgonjwa akikaa karibu na moto.

Mambo yanayofanana na Parkinson

Sababu kubwa ya kumtafuta daktari mapema ni kwamba hali kadhaa hufanana na Parkinson, na baadhi yake hupona. Ya kwanza kuchunguzwa ni dawa. Haloperidol na klopromazini, zinazotumika kutibu magonjwa ya akili, pamoja na metoklopramidi inayotolewa sana kwa kichefuchefu, huzuia kazi ya dopamini na zinaweza kumfanya mtu awe mzito, akakamae na kutetemeka sawasawa na mgonjwa wa Parkinson. Mtu wa namna hiyo hahitaji levodopa. Anahitaji daktari aliyempa dawa aibadilishe au aipunguze kwa uangalifu, kisha mgonjwa asubiri wiki au miezi hadi apate nafuu. Ndiyo maana mwenza anayekwenda hospitali anapaswa kubeba mfukoni dawa zote ambazo mgonjwa amezitumia, zikiwemo za miti shamba.

Ya pili ni mtetemeko wa kurithi, ambao huitwa hivyo kwa sababu mara nyingi huonekana kwa baba, shangazi au ndugu wengine wa damu. Tofauti yake na Parkinson inaweza kuonekana mezani, mbele ya kikombe cha chai. Mgonjwa wa Parkinson akiwa amekaa, mkono wake umelala pajani, kidole gumba na cha shahada husuguana kana kwamba anaviringisha punje ya mtama. Akiunyoosha mkono na kukishika kikombe, mtetemeko hupungua au hukoma kwa muda, ingawa mkono wenyewe huenda polepole. Mwenye mtetemeko wa kurithi huwa tofauti kabisa, kwa kuwa mkono wake hutulia pajani, lakini kikombe kinapokaribia mdomo mtetemeko huzidi na chai humwagika. Mwenza aliyekwisha kuiona tofauti hiyo mara mia jikoni anaweza kumweleza daktari kwa sentensi moja jambo ambalo katika chumba cha daktari, mgonjwa akiwa na hofu, huenda lisionekane.

Kuna pia hali zinazohusiana moja kwa moja na mazingira ya Njombe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba mkoa huu una kiwango kikubwa kuliko yote cha maambukizi ya VVU nchini, asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kwa kuwa VVU na magonjwa nyemelezi yanayoshambulia ubongo yanaweza kuleta dalili zinazofanana na Parkinson, hasa kwa mtu asiye mzee, kipimo cha VVU na cha kaswende ni sehemu ya uchunguzi wa kawaida, na kuombwa kipimo hicho si tusi kwa ndoa ya mtu yeyote. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mtetemeko wa vidole, moyo kwenda mbio na kukonda, nayo hupimwa kwa damu na kutibika. Viharusi vidogovidogo kwa mwenye shinikizo la damu huweza kuharibu mwendo wa miguu huku mikono ikibaki salama.

Suala la viuatilifu linahitaji uangalifu wa kusema. Tafiti za nchi nyingine, zikiwemo za California, zimehusisha matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya viuagugu na viuakuvu, hasa parakwati, na ongezeko la uwezekano wa kupata Parkinson. Wakulima wa viazi mviringo wa Makete na Njombe hupuliza dawa za ukungu mara nyingi katika msimu mmoja, wengi wakiwa na bomba mgongoni na bila kinga ya maana. Hilo halithibitishi kwamba mgonjwa fulani aliumwa kwa sababu ya shamba lake, lakini ni sababu ya kutosha kwa watoto wake kuvaa glavu na barakoa, na ni historia ambayo daktari anapaswa kuambiwa.

Ngazi za rufaa kutoka Ipelele

Huduma za afya za Tanzania zimepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya rufaa ya kanda, kisha hospitali ya taifa. Kwa mkazi wa Ipelele, hospitali za kwanza zinazoweza kufikirika zimo ndani ya wilaya, nazo ni Hospitali ya Wilaya ya Makete, Hospitali ya Kilutheri ya Bulongwa na Hospitali ya Consolata Ikonda, ambayo hupokea wagonjwa wanaotoka mikoa mingi. Mbele zaidi iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, na kwa upande wa Makambako, mji uliokaa kwenye njia panda ya barabara kuu ya Tunduma na ile ya Njombe na Songea, kuna hospitali ya mji pamoja na Hospitali ya Kilutheri ya Ilembula katika wilaya jirani ya Wanging'ombe. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, na Muhimbili, hospitali ya taifa, iko Dar es Salaam.

Neno "bingwa" nalo linahitaji kufafanuliwa. Daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, aliyesomea magonjwa ya aina hii peke yake, ni nadra sana Tanzania, na wachache waliopo wamejikusanya katika miji mikubwa. Lakini daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, ambaye hupatikana katika hospitali za rufaa za mikoa na katika baadhi ya hospitali za mashirika ya dini, ana ujuzi wa kuutambua ugonjwa wa Parkinson ulio wa kawaida, wa kuondoa shaka ya magonjwa yanayofanana nao na wa kuanza dawa. Mpango ulio bora kwa familia nyingi ni kuanza kwa bingwa huyo, na kumwachia yeye aamue kama kuna sababu ya kwenda Mbeya, Moshi au Dar es Salaam.

Sababu hizo zinajulikana. Mgonjwa aliye chini ya miaka 50, anayeanguka mara kwa mara katika mwaka wa kwanza wa ugonjwa, anayeshindwa kuzungusha macho juu na chini, anayezimia akisimama, anayepoteza kumbukumbu mapema, ambaye pande zote mbili za mwili ziliathirika kwa pamoja tangu mwanzo, au ambaye levodopa ya kutosha haikumsaidia hata kidogo, huenda ana ugonjwa mwingine wa jamii hiyohiyo ulio mgumu zaidi, na huyo ndiye anayestahili gharama ya safari ndefu. Barua ya rufaa ni ya lazima, kwa kuwa bila hiyo mgonjwa huanza upya na bima inaweza kukataa kulipa.

Ushahidi wa mwenza

Wakinga wa Makete wanajulikana nchi nzima kwa biashara, na familia nyingi za Ipelele zina mtoto mwenye duka Mbeya, Makambako au Kariakoo. Ukarimu wa watoto hao ni neema, lakini huleta kosa moja linalostahili kusemwa wazi: baba hupandishwa basi kwenda kwa mwanawe Dar es Salaam, mama hubaki kuangalia nyumba na mifugo, na mbele ya daktari hukaa kijana aliyemwona baba yake mara ya mwisho Krismasi iliyopita. Daktari akiuliza ni mkono upi ulianza, lini, na usingizi ukoje, hakuna anayejua. Kama nauli inatosha watu wawili tu, wa pili awe mwenza. Na kama haitoshi, mwenza awe hewani kwa simu wakati wa mazungumzo na daktari.

Ushahidi wa mwenza hupata nguvu ukiandaliwa. Daftari dogo la shule linatosha kuandika dalili ya kwanza na mwezi ilipoanza, upande wa mwili ulioathirika, mara alizoanguka, dawa alizotumia na mabadiliko ya usingizi, choo na hasira. Sahihi za mgonjwa katika daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, zikipangwa za miaka mitatu, huweza kuonyesha mwandiko unavyozidi kuwa mdogo na kubanana, dalili maarufu ya ugonjwa huu ambayo hakuna mashine inayoweza kuionyesha kwa gharama nafuu hivyo. Video fupi za simu, mgonjwa akitembea uani, akigeuka, akifunga vifungo vya sweta na akiwa amekaa na mikono pajani, humpa daktari nafasi ya kuona siku mbaya hata kama mgonjwa amefika kliniki siku nzuri. Mgonjwa aombwe ridhaa kabla ya kupigwa picha, kwa kuwa heshima yake ni sehemu ya matibabu.

Dawa, upupu na mazoezi

Levodopa, ambayo hutolewa ikiwa imechanganywa na kabidopa ili ifike kwenye ubongo bila kuharibika njiani, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ndiyo nguzo ya matibabu. Haizuii ugonjwa kuendelea, bali humrudishia mgonjwa uwezo wa kujongea. Mara nyingi humezwa mara tatu kwa siku au zaidi, kwa saa zilezile, kiasi cha nusu saa au zaidi kabla ya chakula, kwa kuwa nyama na maharage vinaweza kupunguza ufyonzwaji wake. Na isikatishwe ghafla, kwa sababu mgonjwa anaweza kukakamaa na kupata homa ya hatari. Kutokana na uhaba wake vijijini, wagonjwa wengi hupewa benzeksoli peke yake, dawa ya zamani inayopunguza mtetemeko kwa baadhi ya watu lakini inayoweza kumchanganya akili mzee na kumfungia mkojo, hivyo mwenza ana haki ya kuuliza kama ndiyo inayomfaa.

Tabibu wa asili huenda akaja na jibu la upupu. Mbegu za mmea huu, ambao nywele za maganda yake huwasha ngozi vikali, kwa kweli zina levodopa, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa wa Parkinson katika nchi kadhaa wakaona zinafanya kazi. Hata hivyo kiasi cha dawa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, kichefuchefu huwa kikali zaidi kwa kukosa kabidopa, na mtu anayezichanganya na vidonge vya hospitali bila kusema hujizidishia kipimo. Ukweli huu ni sababu ya kumweleza daktari kila kitu, na ni sababu ya daktari kutomdharau mgonjwa anayemweleza.

Mazoezi nayo ni tiba. Huko Hai, wagonjwa ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo na alama, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba mwendo wao uliboreka. Mgonjwa anayekwama mlangoni, miguu ikigoma kana kwamba imegandishwa ardhini, anaweza kusaidiwa na mistari iliyochorwa sakafuni ili airuke mmoja baada ya mwingine, au na mwenza anayehesabu moja, mbili, moja, mbili.

Gharama na mwendelezo

Familia yenye kiasi fulani cha fedha hulazimika kuchagua itumike wapi, na hapa ndipo uchambuzi huu unapotua. Fedha ya picha ya MRI moja ambayo daktari hakuiona kuwa ya lazima inaweza kununua vidonge vya miezi mingi, na ni vidonge vitakavyomwezesha mgonjwa kula mwenyewe na kwenda ibadani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo katika vituo vya serikali, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Lakini msamaha wa malipo hauna maana kama dirisha la dawa halina levodopa, na hapo ndipo wataalamu wa mkoa na halmashauri wanapodaiwa kuiagiza dawa hii hata kama wagonjwa wanaojulikana ni wachache, kwa kuwa uchache huo, kama Hai ilivyoonyesha, ni wa wanaojulikana tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka mbele ya bingwa, mwenza ahakikishe amepata majibu manne kwa maandishi: jina la ugonjwa na kiwango cha uhakika wake, dawa na saa zake, dalili za kumrudisha mgonjwa haraka, na jina la kituo cha karibu kitakachoendelea kumpa dawa. Mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa aangaliwe upya na mtaalamu kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwa sababu hata bingwa hubadilisha jina la ugonjwa anapouona unavyokwenda. Bingwa wa Njombe au Mbeya anayemwandikia tabibu wa Makete barua inayosomeka, na tabibu anayempigia simu bingwa pale hali inapobadilika, humfanyia mgonjwa wa Ipelele jambo kubwa kuliko safari tano za basi.

Anabaki mwenza mwenyewe, ambaye hulala kidogo, hunyanyua mwili mzito, husikiliza sauti inayozidi kufifia na mara nyingine hulaumiwa na majirani kwamba ndiye aliyemroga. Huzuni nzito humpata yeye kama inavyompata mgonjwa, na daktari mwema humwuliza hali yake naye. Ndugu, watoto walio mjini na jumuiya za makanisa wanaweza kumpokea zamu siku moja kwa wiki, ili naye apate kupumzika na afya yake mwenyewe ipimwe. Matibabu ya miaka mingi yanasimama juu ya mabega yake, na ngazi zote za rufaa, kuanzia zahanati hadi Muhimbili, hazitafaa kitu ikiwa yeye, aliyeuona mkono ukitetemeka kabla ya mtu mwingine yeyote, ataanguka.